Watu wa Mabenchi ya Katikati

Siku Bibi Audrey alipoingia dukani kwetu, nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mwanamume mmoja mnene, mdomo umejaa pini, nikimpimia pindo la suruali. Nilimwona kupitia kioo. Alisimama mlangoni na kofia yake ya buluu, mkoba kaukumbatia kifuani kama mtu aliyeshushwa kwenye mji asioujua, na mkononi kalaza gauni lililofunikwa mfuko wa nailoni. Nilitaka kumeza mate nikakumbuka pini. Mungu alinihurumia tu.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe mbili Mei, mwaka 1998. Karibu wiki tatu zilikuwa zimepita tangu niliposhuka kwenye gari la mjukuu wake na kuapa kwamba sitalipanda tena.

Mjukuu huyo ni Leonard. Tulikutana palepale dukani, kwenye maduka makubwa ya Wheaton, Marekani, mwezi wa Novemba, alipoleta koti lake la suti apunguziwe mikono. Alikuwa fundi wa ngazi za umeme za stesheni za treni. Vidole vyake vilikuwa na weusi wa grisi usiotoka hata kwa sabuni ya unga, na kila alipoviona vimegusa meza yangu aliviondoa haraka na kuomba radhi. Nilivipenda vidole vile kabla sijampenda mwenyewe. Rangi yake ilikuwa ya asali, macho kijivu yenye ukijani kidogo. Wasalvador waliokuwa wakipita stesheni walimsemesha Kispanyola, Wahabeshi wakamsemesha Kihabeshi, na mimi siku ya kwanza nilidhani ni chotara wa Kiarabu kutoka Tabora. Yeye aliwajibu wote kwa tabasamu na kichwa kukiinamisha.

Alirudi wiki iliyofuata na suruali. Wiki iliyofuata tena akaja na shati ambalo halikuwa na kasoro yoyote, akasimama mbele yangu, akasema, "Jacqueline, nguo zimeniishia. Sasa nifanye nini nikitaka kukuona?"

Nilicheka. Ndivyo nilivyokwisha.

Lakini mapenzi yana wenyewe, na wenyewe ni ndugu. Mwezi wa Februari nilimpeleka kwa kaka yangu Respicius, karani wa ubalozi, ambaye ndiye aliyenileta Marekani na ndiye aliyekuwa baba yangu huku. Kaka alimkaribisha vizuri, akampakulia ndizi na maharage, kisha akamuuliza swali ambalo kila Mhaya humwuliza mwanamume anayemtazama dada yake.

"Ninyi ni watu wa ukoo gani?"

Leonard aliweka uma chini. "Sisi ni Wamarekani tu."

"Hiyo ni pasipoti. Mimi nauliza ukoo. Babu zako ni akina nani? Muziro wenu, mwiko wa ukoo, ni upi? Sisi, kwa mfano, hatuli samaki kamongo. Hata nikifa njaa, sili kamongo. Ninyi hamli nini?"

"Sijui," alisema Leonard, masikio yakiwa mekundu. "Kwetu mambo hayo hayazungumzwi."

Alipoondoka, Kaka Respicius alizungusha glasi yake. "Jacqueline, kijana ana heshima. Lakini mtu asiyejua watu wake nitamwandikia baba nini juu yake? Kwamba nimemwokota stesheni?"

Niliumia, nikasema moyoni, ngoja tufike kwao, nitajua watu wake. Siku ya Pasaka tukafika. Ni nyumba ya mbao kusini mwa Maryland, nyuma yake ghala la kukaushia tumbaku, mbele yake maua ya manjano. Leonard alilelewa hapo na bibi yake tangu mama yake alipofariki. Mezani palikuwa na paja la nguruwe lililotobolewa na kujazwa sukumawiki, kabichi na pilipili, na watu kumi na mmoja, wote wa rangi za asali, chai na karatasi. Mweusi tititi nilikuwa mimi peke yangu. Nilisali nao, nikasifu chakula. Bibi Audrey alinisikiliza, kisha akamgeukia Leonard.

"Sielewi hata neno moja analolisema," alisema. "Hawa wa kuja siku hizi wamejaa mpaka kanisani. Wanakuja, wanachukua wanachokitaka, wanaondoka."

Nilimtazama Leonard. Leonard alitazama sahani yake.

Ndani ya gari nilimwuliza, "Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Kwa hiyo?"

"Bibi ni mzee, Jacqueline. Kwetu hatujibizani. Kitu kikiuma tunakiacha kipite."

"Kimepita juu ya nani, Leonard?"

Alikaza macho barabarani. Tulipofika stesheni ya Anacostia nilimwambia asimame. Nilishuka na viatu vyangu vya Pasaka, nikapanda treni mpaka Wheaton, nikalia mbele ya watu wasionijua. Tangu siku hiyo alipiga simu kila jioni, sikupokea. Ujumbe alioacha kwenye mashine ya simu ulikuwa uleule: "Ni mimi." Kimya. Kisha mlio. Nikijua yuko zamu stesheni yetu, nilipanda lifti ili nisipite alipo. Na nikishafika juu, nilijilaumu kwamba sikupita.

Sasa bibi yake alikuwa mlangoni.

Nilimaliza na yule mteja mnene, nikasimama. "Karibu, bibi."

"Nataka gauni hili lirekebishwe," alisema kwa sauti kubwa na ya polepole, kama anayesema na kiziwi. Kisha akajisikia mwenyewe, akashusha sauti. "Tafadhali."

Mwenye duka, mama wa Kikorea asiye na maneno mengi, alitutazama sote wawili. Sijui aliona nini. Alikwenda mlangoni, akageuza kibao cha kuonyesha kwamba tumefunga, akaingia nyuma kwenye cherehani yake na kuvuta pazia.

Bibi Audrey alivaa gauni, akapanda juu ya kile kijukwaa cha kupimia. Nilipiga magoti. Kwa kweli hata bila pindo ningepiga magoti. Ndivyo mama alivyotufundisha kumwamkia mtu wa umri huo, na desturi hiyo haikuuliza kama aliyesimama mbele yangu amenitukana ama la. Nikazunguka. Mabega yamekaa. Kiuno kimekaa. Nikageuza pindo nitazame ndani, nikakuta mishono ya mkono, midogo kama mayai ya sisimizi, imepangana kuzunguka gauni zima bila hata mmoja kupotoka. Sijawahi kushona hivyo na sidhani kama nitaweza.

"Bibi, gauni hili halihitaji kitu."

"Najua. Nimelishona mwenyewe."

"Mishono hii ni yako?"

"Nashona tangu nina miaka tisa. Wewe?"

"Kumi na moja. Kwa masista, Bukoba."

"Masista," alirudia, kama neno hilo limemshangaza. "Kumbe mna masista."

"Tunao. Na mapadri. Baba mdogo wangu ni padri."

Kwenye kioo niliona anatazama utosi wangu.

"Leonard hali," alisema.

Sindano ilinichoma kidole na hata sikuwa nashona.

"Nampikia, anakoroga sahani, anasema ameshiba. Amekonda. Nimekuja kukuomba, binti. Mwache."

"Nimeshamwacha, bibi. Wiki ya tatu hii."

"Hujamwacha. Mtu aliyeachwa hulia siku mbili, ya tatu anaomba mkate. Huyu anangoja. Mwambie kwa kinywa chako kwamba umemaliza, ili ale."

Nilitaka kusema sawa. Naapa, nilitaka kumaliza yote pale sakafuni. Lakini neno halikutoka. Lilitoka jingine.

"Nimekukosea nini, bibi?"

"Hujanikosea."

"Basi ni rangi yangu?"

Alifumba macho. Mikono yake ilishika gauni pande zote mbili, akaikunja nguo aliyoishona kwa uangalifu vile.

"Kanisani kwetu nikiwa mtoto," alisema, "mbele walikaa Wazungu. Nyuma kabisa walikaa weusi. Katikati palikuwa na mabenchi matatu. Hayo yalikuwa yetu. Kukomunika, Wazungu kwanza, halafu sisi, halafu wao. Mama alinifinya nikigeuza kichwa nyuma. Alinifinya pia nikitazama mbele mno. Tulioana wenyewe kwa wenyewe, binamu kwa binamu, ili tusipoteze mabenchi matatu."

"Na wale wa nyuma walikuwa kama mimi."

"Kama wewe," alisema. Hakuongeza sukari, na nilimshukuru kwa hilo.

Nilikaa juu ya visigino vyangu. Ganzi ilikuwa imeniingia miguuni, nadhani na moyoni pia.

"Nilikuwa na kaka," aliendelea, sasa kwa sauti ya chini sana. "Alikuwa mweupe kunishinda, nywele zimelala. Mwaka 1934 alipanda basi kwenda Baltimore kutafuta kazi, na huko akawaambia watu kwamba yeye ni Mwitaliano. Aliona ndiyo njia ya kuwa Mzungu. Unajua kilichompata?"

"Hapana, bibi."

"Mwenye nyumba alimfungia mlango. Alisema hapangishi Waitaliano, ni watu wachafu, ni wa kuja, warudi kwao kwenye meli zao. Kaka yangu, ambaye babu zake walikuwa kwenye mto wetu kabla ya meli yoyote! Aliniandikia barua hiyo moja tu. Nikaisoma nikacheka mpaka mama akaja kuuliza nacheka nini. Mungu anisamehe kicheko kile. Hakuandika tena. Mama alipokufa, tunatoka kanisani na jeneza, nikamwona ng'ambo ya barabara. Amesimama kando ya gari, kofia mkononi. Mkewe yumo ndani ya gari, Mzungu, hajui anatazama maziko ya nani. Nilimpungia mkono. Akavaa kofia akaondoka."

Machozi yalimshuka na hakuyafuta, kwa sababu mikono yake bado ilikuwa imeshika gauni. Nilisimama kwa shida na miguu yangu ya ganzi, nikamshika kiwiko, nikamteremsha kwenye kijukwaa. Tuliketi kwenye viti viwili vya wateja, magoti yetu yakikaribiana.

"Kila aliyeoa nje alikwenda," alisema. "Wewe una kwenu. Siku moja utataka kwenu, naye atakufuata. Nitabaki na sahani yake."

Ningeweza kumwahidi kwamba sitaondoka. Ni ahadi ambayo mwanamke mwenye mapenzi huitoa bila kufikiri. Nilimtazama yule mzee nikaona hastahili kudanganywa.

"Sijui, bibi," nilisema. "Na mimi nina mama. Yuko Kamachumu, ana miaka mitano hajaniona. Siwezi kukuapia kwamba sitamwendea."

Aliitikia kwa kichwa, polepole. Nadhani jibu lile lilimuuma na kumtuliza kwa pamoja.

"Lakini nami nina swali," nikasema. "Kaka yangu alimwuliza Leonard watu wake ni akina nani. Alishindwa kujibu. Mwanamume mzima, miaka thelathini na moja, aliinama mbele ya kaka yangu kama mwizi. Yeye hajawahi kukuuliza?"

"Aliniuliza akiwa na miaka saba."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia ale, chakula kinapoa."

Mlango uligongwa. Tuligeuka sote wawili. Nje ya kioo, chini ya kile kibao cha kufunga, alikuwa Leonard.

Mwenye duka alitoka nyuma ya pazia upesi kuliko mtu asiyekuwa anasikiliza, akamfungulia, akarudi zake.

Alikuwa amekonda kweli. Shati la Jumapili lilimpwaya shingoni. Macho yake yalinipata mara moja na hayakuondoka, na mimi, niliyekuwa nimejiandaa kwa maneno makali wiki tatu nzima, nilijikuta nahesabu vifungo vya shati lake ili nisilie.

"Bibi, uliniambia nikae garini nusu saa," alisema. "Saa nzima imepita."

"Rudi garini, Leonard."

"Hapana, bibi."

Nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza bibi yake alipolisikia neno hilo kutoka kwake. 

"Siku ya Pasaka ulimtukana mgeni wangu mezani, nikatazama sahani. Jacqueline, nimeiona sahani ile kila siku tangu siku ile. Nilipiga simu kila jioni nikuombe msamaha, na kila jioni nilishindwa kusema zaidi ya 'ni mimi'. Sikujua kusema. Basi nasema leo, mbele yenu nyote wawili. Bibi, nampenda mwanamke huyu. Ukimwita wa kuja, niite na mimi. Kama hana kiti mezani kwako, sitakaa mezani kwako."

Bibi Audrey alisimama. Uso ulikuwa umekauka kama karatasi. "Unaona?" aliniambia. "Ameanza. Atakuwa kama Dunstan."

"Dunstan ni nani?" aliuliza Leonard.

Cherehani nyuma ya pazia ilinyamaza.

"Bibi? Dunstan ni nani?"

Nilimwona yule mzee akifungua mdomo na kuufunga. Alimtazama mjukuu aliyemlea, aliyemfulia, aliyemfundisha kusali, na nadhani wakati ule ndipo alipoelewa alichofanya: kaka yake aliondoka siku moja tu, lakini yeye ndiye aliyemfuta miaka yote iliyofuata.

"Ni kaka yangu," alisema. "Nilikuwa na kaka." Kisha akanigeukia. "Kaka yako wewe anakaa wapi?"

"Dakika kumi kwa miguu, bibi."

"Nipelekeni. Kama ni kusema nitasema mara moja, nyote mkisikia. Sina nguvu ya kusema mara mbili."

Kaka Respicius alikuwa na fulana na pasi mkononi, akitazama mpira. Alipofungua mlango wa fleti na kumwona bikizee mwenye kofia, mimi nimemshika mkono wa kulia na Leonard wa kushoto, alisema, "Waitu!" akakimbilia chumbani kuvaa shati. Alirudi amefunga vifungo vibaya. Mpira ukazimwa. Bibi Audrey akakalishwa kwenye kochi zuri, akaletewa kahawa ya kutafuna, ile inayokuja kutoka nyumbani ndani ya majani ya mgomba.

"Ni mbegu?" aliuliza.

"Ni heshima," alisema Kaka. "Mgeni hutafuna kwanza."

Alitafuna. Uso ulikunjamana, lakini hakutema. Kaka alikaa mbele yake, mikono juu ya magoti.

"Mama, samahani kwa swali langu la Februari. Huenda lilimwaibisha kijana. Lakini ni lazima niulize, kwa sababu baba yangu ataniuliza mimi. Ninyi ni watu wa akina nani?"

Bibi Audrey alivua kofia yake, akaiweka pajani. Nywele zilikuwa nyeupe kabisa, zimesukwa mkia mmoja mwembamba.

Alianza na mama yake, akaja mama wa mama yake, na mama wa huyo. Majina yalimtoka bila kusita, moja likivuta jingine, kama rozari. Alifumba macho. Kulikuwa na mvuvi aliyezaliwa mtumwa akafa huru. Kulikuwa na mwanamke aliyeitwa kwa jina la ndege katika lugha ambayo bibi mzaa mama yake alijua maneno yake manne tu, mmoja wa wenyeji waliolima mahindi kando ya mto kabla Mzungu hajaweka mguu. Na mwisho kabisa, mbali kule, kulikuwa na msichana wa Ireland.

"Aliletwa na meli kuwa mtumishi," alisema. "Miaka saba awafulie watu, ndipo awe huru. Hakujua Kiingereza. Walimcheka kila alipofungua mdomo." Hapo alisimama. Hakunitazama, lakini mkono wake ulitembea juu ya kochi ukaja kukaa juu ya wangu. "Alimpenda mwanamume mweusi, mtumwa wa bwana wake. Sheria ya siku zile ilisema mwanamke huru akiolewa na mtumwa anapoteza uhuru wake, na watoto pia. Walimwambia. Bwana mwenyewe alimsihi, akamwambia utajuta. Akajibu kwa kile Kiingereza chake kilichovunjika kwamba afadhali yule mtu kuliko bwana yeyote. Akaolewa. Hao ndio sisi."

Leonard alikuwa ameketi sakafuni miguuni pa bibi yake. Bega lake lilikuwa limegusa goti langu, sijui tangu saa ngapi. Nilisikia anavyopumua. Nilitaka kuweka mkono juu ya kichwa chake, nikauweka.

"Mbona hukuniambia?" alisema taratibu.

"Kwa sababu kila mtu kwenye orodha hiyo kuna mtu aliyemtaka aondoke," alisema bibi yake. "Nilidhani usipowajua, hakuna atakayekufukuza."

Kaka Respicius alikuwa akihesabu kwa vidole muda wote. Mikono yote miwili ilikuwa imejaa na ameanza upya.

"Vizazi kumi na moja," alisema kwa mshangao. "Mimi mwenyewe najua tisa." Kisha akasogea mbele, uso umekuwa wa kikarani. "Na muziro? Hakuna chakula ambacho ninyi hamkigusi?"

Bibi Audrey alifikiri. "Hakuna... Labda kobe wa mtoni. Majirani zetu wote wanapika supu yake. Bibi yangu hakukubali aingie jikoni. Mama yangu pia. Sijui kwa nini."

"Nilidhani hupendi tu!" alisema Leonard.

Kaka alijipiga paja mpaka kiti kikatikisika. "Wana muziro! Jacqueline, umesikia? Watu wana muziro wao kabisa, halafu kijana anakaa hapa ananiambia yeye ni Mmarekani tu!" Alicheka, akanyanyuka, akazunguka chumba, akaketi tena. Bibi Audrey alimtazama kwa woga kidogo, kisha, taratibu, mdomo wake ukalegea, akaanza kucheka naye bila kujua hasa wanacheka nini.

Kicheko kilipoisha Kaka alirudia ukubwa wake. "Sisemi ndiyo. Mwenye kusema ndiyo ni baba. Nitaandika barua Jumatatu, na majina yote nitaandika, mama, utanisaidia herufi zake. Baba anaweza kukataa. Ni mkaidi." Alinyanyua chupa ya soda, akamsogezea Leonard. "Haya, kunywa, shemeji."

Nilitazama chini upesi. Yeye mwenyewe Kaka alijifanya anatafuta kifungulio.

Tulikaa mpaka jua likaanza kushuka nyuma ya maduka. Bibi Audrey alisema amechoka. Mlangoni alinishika shavu kwa kiganja kikavu cha fundi wa nguo.

"Jumapili tunakula saa saba," alisema. "Njoo mapema. Kukanda unga sasa kunaniumiza mikono." Hakusema samahani. Niliitafuta ndani ya maneno hayo, nikaona kwamba sehemu yake imo na sehemu haimo. Nilisema nitakuja.

Leonard alilifuata gari kule madukani, akamteremsha bibi yake mpaka ndani yake, akamfunga mkanda, akarudi mbio. Alinikuta kwenye ngazi za jengo, katikati ya ghorofa ya kwanza na ya pili. Alisimama daraja moja chini yangu, kwa hiyo macho yetu yalikuwa sawasawa. Alinyoosha mkono wake wenye grisi, akausimamisha hewani, akasubiri ruhusa. Nikauchukua.

"Sijakusamehe yote," nilisema.

"Najua."

"Nitakukumbusha sahani ile mpaka uzee."

"Ukinikumbusha mpaka uzee nitakuwa nimebahatika."

Nilijifanya sikusikia, lakini kidole gumba changu kilikuwa kinazunguka chenyewe juu ya kiganja chake.

"Kaka yako aliniita neno," alisema. "Akinipa soda. Sheme... shemeji. Ni nini?"

"Ni mume wa dada."

Alinyamaza. Nikasema, basi, karudi kwenye kimya chake. Nikataka kuuachia mkono. Akaushika kwa nguvu zaidi.

"Mwambie nimeitika," alisema.

"Nenda ukamwambie mwenyewe."

Alinitazama, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Kisha akanipita, akapanda ngazi mbili mbili, na nikasikia akigonga mlango wa kaka yangu.